Kumfuata Kabula Nyarugusu, Kabla Mzee Sohan Hajaondoka

Simu ya Mzee Sohan ilinikuta Morogoro, Jumapili, nikitoka kanisani. Hakunisalimia vizuri, hana kawaida hiyo. Alisema, "Limi, naondoka. Rani ananichukua, nakwenda kukaa kwake India. Tiketi imekwisha kukatwa." Nikamwambia hongera. Akasema, "Hongera ya nini? Nitafutie Kabula. Nataka niwaone wote wawili kabla sijapanda ndege."

Niwaeleze wanaosoma habari hii huyu Mzee Sohan ni nani. Ni Kalasinga wa Shinyanga, amezaliwa pale pale mjini, baba yake alikuja kufanya kazi reli. Yeye mwenyewe alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa almasi, na miaka yake mingi aliishi Songwa, karibu na kwetu. Binti yake Rani alipofika umri wa kucheza mpira wa magongo hakukuwa na wasichana wa kucheza naye, na kaka zake hawakumtaka. Basi mzee akaingia mitaani Songwa, nyumba hadi nyumba, akiomba wazazi wampe mabinti zao jioni. Baba yangu alidhani anatafuta wafanyakazi wa ndani. Alipoelezwa ni mchezo, alicheka mpaka akakohoa, akasema chukua huyu hapa, hana kazi. Huyu ndiye mimi. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya kina Kabula.

Mimi nilicheza kulia, Kabula kushoto. Mimi nilikuwa na mbio. Kabula alikuwa na mikono. Leo mimi ni mwalimu wa michezo, nimefundisha mamia ya watoto, na bado sijamwona mwingine anayeshika gongo kama yeye. Lakini baada ya shule mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaolewa na kijana mchimbaji wakaelekea Geita kwenye dhahabu, na hatukuonana tena. Namba ya simu aliyokuwa nayo iliacha kupatikana. Kila mwaka nilijiambia likizo hii nitamtafuta. Sikumtafuta. Ilibidi mzee wa watu aage nchi ndipo nikate tiketi.

Alfajiri ya siku ya kwanza ya likizo ya Juni nilipanda basi Morogoro. Nilikaa dirishani, nikaona Dodoma ikipita, na mawe ya Singida, na Nzega ambako watu walishuka kununua asali. Baada ya Tinde nchi ilijilaza tambarare, nikajua nimefika kwetu. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Pamba ilikuwa imeanikwa mbele ya nyumba, nyeupe, na watoto wamelala juu yake. Nilijikuta nimeegemeza paji la uso kwenye kioo kama mtoto. Mwanamke niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni kwetu.

Shinyanga mjini niliingia jua linazama, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Sohan. Gereji yake ilikuwa imefungwa, vyuma vyote vimegawiwa. Yeye alikuwa amekaa barazani, kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri kwenye wavu, amenyooka kama anayesubiri kupigwa picha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Umri, Mwalimu."

"Umri gani? Mimi je?" Akajipiga tumbo, ambalo kweli halikuwepo.

Mwanawe Jaspal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, ndiye aliyekuwa anafunga mizigo. Alinikaribisha chai na kunieleza kwa upole kwamba mzee hawezi tena kukaa peke yake, alianguka bafuni mara mbili tangu mama afariki, na Rani ana nyumba yenye nafasi Jalandhar. Mzee alisikiliza yote hayo huku akitazama barabarani, kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Lakini, Mwalimu, si ndiko ulikokuwa unatusimulia kila jioni? Sasa utakuona."

Maana mzee huyu alitulea kwa India. Kabla hatujagusa mpira, tulikaa chini kwenye vumbi la Songwa akatusimulia. Kwamba Waingereza ndio waliopeleka mchezo huu India, wakawafundisha askari wao, na wenyeji wakaupenda wakaugeuza wao. Mwingereza alipiga mpira mbali akaukimbilia. Mhindi alikaa nao. Akauchukua kwenye ncha ya gongo, akaupeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia, mkono wa juu ukizungusha, wa chini umelegea, mpaka mlinzi akachanganyikiwa. Alitusimulia ubingwa wa Olimpiki wa mwaka 1928, na fainali ya Berlin mwaka 1936 ambapo Wajerumani walifungwa nane kwa moja nyumbani kwao. Na ile aliyoipenda kuliko zote: mwaka 1948, India ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ilikwenda London ikamfunga Mwingereza manne bila mbele ya watu wake. Hapo mzee alikuwa anasimama. Sisi watoto wa Kisukuma, ambao tulikuwa hatujafika hata Mwanza, tulipiga makofi na kupiga vigelegele kwa ajili ya London.

Halafu Kabula alikuwa anauliza, kila mara, kwa makusudi, "Na Moscow, Mwalimu?"

Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya magongo Olimpiki ya Moscow, ikapangwa na India, ikafungwa mabao kumi na nane kwa bila. Mzee aliipata habari hiyo kwa redio akiwa karakana na wenzake. "Sikujua nipige makofi au nifunge mdomo," alikuwa anatuambia. "Wenzangu wote wamegeuka wananitazama mimi, kama mimi ndiye niliyefunga." India ilichukua dhahabu mwaka ule, na hadi leo haijaichukua tena. Mchezo ulikuwa umehamishiwa kwenye zulia bandia, na mikono iliyolelewa kwenye nyasi na udongo ikapitwa na mbio.

Jioni ile barazani, nilipomwambia sasa utakuona India, mzee alinijibu jambo ambalo katika miaka yote sikulijua.

"Limi, mimi sijawahi kufika India. Hata siku moja. Yale yote nilisimuliwa na baba, na mengine nilisoma. Nilichokiona kwa macho yangu ni nyinyi."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Songwa kuulizia habari za Kabula kwao. Kutoka barabarani unaona vilima vya kifusi cha mgodi, vya kijivu, vilivyonyooka juu kama vilivyopigwa rula. Uwanja wetu nilipita bila kuutambua, ikabidi nirudi nyuma. Nusu yake ni nyumba za bati sasa. Nusu nyingine ng'ombe walikuwa wanakula mabua. Nilisimama pale ambapo nadhani palikuwa upande wangu wa kulia, nikatazama kushoto. Sikuweza kukaa sana.

Nyumbani kwa kina Kabula nilimkuta wifi yake, Mama Kulwa, anapura mtama. Nilimsalimia "Mwangaluka," akaitika, akanitazama, akaacha mti wake wa kupuria ukaanguka. Alinikumbuka kwa sababu ya meno yangu. Aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukala kivulini mwa nyumba.

"Kabula yuko Nyarugusu," alisema. "Huko wanamwita Mama Shija. Anashona salfeti, ile mifuko ya kubebea mawe. Lakini kama umekuja kumchukua, dada yangu, utajichosha. Sisi tumekwenda mara mbili. Kaka yake alikwenda hadi na mchungaji. Hatoki."

"Kwa nini hatoki?"

Mama Kulwa aliipangusa mikono yake kwenye khanga kwa muda mrefu. "Shemeji yetu Maduhu, mumewe Kabula, alifukiwa na duara. Shimo la dhahabu lilimwangukia akiwa chini na wenzake. Wenzake walitolewa. Yeye hakufikiwa. Walichimba, udongo ukawa unarudi, wakaogopa kufa na wao, wakaacha. Basi Kabula amekaa pale juu. Watoto wamekua wameondoka, yeye amebaki."

Nilimuuliza ni muda gani. Akasema, "Muda wa mtu kuota mvi."

Siku ya pili yake nilisafiri kuelekea magharibi. Kahama tulikunywa chai, Masumbwe tukapakia mihogo, Ushirombo tukageuka kushika njia ya Katoro. Kadiri tulivyokwenda ndivyo udongo ulivyobadilika rangi, kutoka mweusi wa kwetu hadi mwekundu, na miti ikazidi. Kwenye basi watu nao walibadilika. Kuanzia Ushirombo nilisikia Kiha, Kihaya, Kichaga, Kisumbwa, na Kiswahili cha kila mkoa. Vijana wawili nyuma yangu walibishana safari nzima juu ya mwamba fulani wa dhahabu, mmoja akisema umekata, umekwisha, mwingine akisema umelala tu, bado upo.

Katoro niliingia mchana na kelele zake. Sijawahi kuona mji unaouza vitu vingi kiasi kile kwa wakati mmoja: magodoro, kuku, pampu za maji, suti za harusi, Biblia, kanzu, sururu. Bodaboda zinakupita kwapani. Mama mmoja Mwislamu kutoka Kondoa, muuza vitenge, alinipa kiti nipumzike, akaniuliza nakwenda wapi. Nilipomwambia nakwenda Nyarugusu kumfuata rafiki, akasema, "Rafiki mwanamke? Basi hiyo safari ya maana. Huku watu wote wanafuata dhahabu au mume." Alinitafutia Probox ya mtu anayemwamini, akamwagiza dereva asinishushe mpaka nimemwona mwenyeji wangu.

Nyarugusu tulifika jua limelegea. Barabara ya vumbi, maduka ya mbao, na kila upande sauti ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zinazogonga bila kupumzika mpaka unazisikia kifuani. Dereva alimuuliza mchimbaji mmoja, kijana amepakwa vumbi jeupe hadi kope, anamfahamu Mama Shija, anayeshona salfeti? "Mama wa minyaa?" akajibu. "Nenda mpaka mwisho wa karasha ya tatu, utaona ua."

Nikauona. Ni ua wa minyaa, ule mmea wenye utomvu tunaouzungushia maboma na makaburi kwetu Usukumani, na kule machimboni hakuna mwingine aliyeupanda. Katikati yake kilima kidogo cha udongo. Mbele yake, kwenye jiwe, mwanamke mwembamba amekaa na sindano kubwa ya kushonea magunia, rundo la mifuko pembeni.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Morogoro. Yote yalipotea.

Aliinua kichwa kwa sababu nilikuwa nimemzibia mwanga. Alinitazama kuanzia miguuni. Kisha akasema, kana kwamba tuliachana jana jioni, "Limi, unanikingia jua."

Halafu mifuko ikamwagika, tukashikana. Alinuka vumbi na nyuzi za katani. Tulilia mpaka wachimbaji waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo kwa heshima, wakidhani tumeletewa msiba.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na sato mbele ya kibanda chake. Aliniuliza habari za watu wote wa Songwa, mmoja mmoja, na wengi nilikuwa sina la kumjibu. Nilipoona ametulia nikamweleza habari ya Mzee Sohan. Alisikiliza akitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Anaondoka kabisa?"

"Kabisa. Anataka akuone. Ni siku mbili tu, Kabula. Twende, urudi."

Akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Siku mbili."

"Limi, sikiliza. Hawa wanaopita hapa kunisalimia, kila mmoja anajua kwamba Maduhu alipofukiwa, alikuwa ameufikia mwamba. Wenzake waliotolewa walisema. Wanasema dhahabu ipo pale pale aliposimama. Wenye eneo wamekuja kuniomba kwa upole, wamekuja kwa ukali. Mwenyekiti wa kijiji amenisaidia, amesema mama yupo, liacheni duara. Lakini lazima mama awepo. Nikitoka siku mbili watalifungua. Na wakimkuta, unadhani wataniita? Watampandisha na kifusi, wamtupe kule kwenye karasha."

Makarasha yalikuwa yanaendelea kugonga.

"Mwambie Mwalimu nampenda," alisema. "Mwambie bado namwona amesimama kwenye mstari anatutukana. Mwambie siwezi."

Nilikaa naye siku mbili. Nilimshikia mifuko, yeye akashona. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikuja mapema, nami nilitamani aniulize. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi pale ambapo ua wa minyaa bado unaonekana, akasimama hapo. Hakuongeza hatua.

Shinyanga nilirudi peke yangu. Mzee Sohan alikuwa barazani, amevaa shati jipya. Alitazama nyuma yangu, akatazama mlango wa gari, akasubiri. Nilimweleza yote, la mwamba na la minyaa. Alifikiri. Kisha akamwita Jaspal.

"Kesho kutwa tunakwenda Mwanza kupanda ndege, sivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Tutapitia Nyarugusu."

Jaspal alisema kwamba huko siko njia ya Mwanza. Akasema mgongo wa Baba hauwezi vumbi lile. Akasema daktari. Mzee alimwacha amalize. "Jaspal, siku hizi kuna daraja pale Busisi. Tukitoka Geita tunavuka ziwa kwa gari, tunaingia Mwanza. Nimemuuliza dereva wa malori. Fungua ramani yako ya kwenye simu uone kama nadanganya." Jaspal alifungua. Hakuwa anadanganya.

Tuliondoka na nyota za mwisho, Jaspal kwenye usukani, mzee mbele, mimi nyuma na masanduku. Kati ya masanduku kulikuwa na gongo moja refu limefungwa kwenye shuka. Lilikuwa la baba yake, lililokuja na mizigo kutoka Punjab. Jaspal alilalamika kwamba Jalandhar ndiko magongo yanakotengenezwa, anabeba la nini. Mzee akajifanya hasikii.

Kabla ya Kakola askari walitusimamisha. Mmoja aliangalia nyuma, akauliza kwenye shuka kuna nini. Mzee Sohan, kwa fahari yote, akajibu, "Gongo langu."

"Gongo?" Askari akarudi hatua. "Mzee, unabeba gongo? Shukeni wote."

Jaspal alifunika uso. Ilibidi lifunguliwe, linuswe, lipigwepigwe chini kuthibitisha kwamba ni mti na si pombe. Askari alipoelewa alicheka, akaomba aonyeshwe linavyochezwa. Mzee alikuwa ameshashuka, na lau si Jaspal tungekuwa pale mpaka leo.

Mchana tuliingia Nyarugusu. Kabula aliona kilemba cha buluu kabla gari halijasimama. Aliweka sindano chini. Mzee alishuka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango, na Kabula akamjia mbio, akapiga goti kumsalimia kama tulivyofundwa.

"Simama," mzee alisema kwa sauti ile ile ya zamani. "Mchezaji haweki goti kwenye mawe."

Hakusimama. Alikuwa ameshika miguu ya mzee, analia. Basi mzee, na mgongo wake ule, na Jaspal akipiga kelele Baba, Baba, aliinama akakaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, kama sisi tulivyokuwa tunakaa mbele yake. Wakawa sawa kwa sawa.

Kisha mzee akauliza, "Anaitwa nani mumeo?"

"Maduhu."

"Maduhu wa wapi?"

"Wa Bariadi."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kabula alinitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa naye siku mbili na sikuuliza hilo. Nilikuwa nimeuliza habari za shimo tu. Akaanza kusema polepole. Kwamba alikuwa mfupi. Kwamba alikuwa hawezi kupita mbuzi bila kumsemesha. Kwamba alimkataza asishone mpaka usiku kwa sababu ya macho yake. Kwamba aliimba vibaya. Aliposema hilo alicheka, na mara nikamwona Kabula wa Songwa, yule yule, ndani ya uso ule.

Mzee alivua viatu, akaomba anyanyuliwe, akaenda peku hadi kwenye ua wa minyaa. Alisimama pale mikono imekutana, midomo inachezacheza. Jaspal, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatazama saa, naye alivua viatu akasimama nyuma ya baba yake.

Aliporudi alisema, "Nilikuja kukwambia utoke hapa, Kabula. Nilikuwa nimetunga hotuba. Sasa sikwambii." Akapenga kamasi kwa kitambaa. "Jaspal, lete gongo."

Hapo palikuwa na kipande cha ardhi tambarare mbele ya karasha, pameshindiliwa na malori. Mpira hatukuwa nao. Kijana mmoja wa karasha alileta gololi ya chuma iliyolika, ile wanayosagia mawe, nzito kuliko mpira wowote. Kabula alilishika gongo, akalizungusha mara moja kulijua uzito. Nilichukua mpini wa koleo, nikasimama mbele yake kama mlinzi.

Alianza polepole. Kushoto, kulia. Mkono wa juu ukageuka, wa chini ukalegea. Mwanamke mwenye mvi, kitenge kimefungwa kiunoni, na chuma kile kinakwenda ubavu huu na ubavu huu kama kimefungwa uzi. Nilijua atapita wapi. Nilikuwa nimecheza naye utoto wangu wote. Nikaruka kushoto, naye akapita kulia.

Wachimbaji walipiga kelele mpaka wa mbali wakaja kuona. Mzee Sohan hakupiga makofi. Alikuwa amesimama kwenye mstari ambao haupo, ngumi kifuani. "Umechelewa kuinua kichwa!" alimfokea Kabula. "Miaka yote hiyo na bado unatazama chini!"

"Samahani, Mwalimu," Kabula alijibu, akihema, uso umeng'aa jasho.

Tulipoaga, mzee alitaka kumwachia gongo. Kabula alikataa. Alilifunga mwenyewe kwenye shuka, akalirudisha garini juu ya masanduku. "Nenda nalo," alisema. "Wakikuuliza umetoka wapi, uwe na cha kuwaonyesha." Akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, baba." Mzee akaitika kwa Kisukuma, na hakuzungumza lugha nyingine mpaka Geita.

Alasiri tulipita Sengerema, tukafika Busisi. Daraja ni refu, ziwa liko pande zote mbili, na upepo unasukuma gari. Jaspal alipunguza mwendo bila kuambiwa. Mzee alishusha kioo chote. Aliniambia bila kugeuka, "Mke wangu, majivu yake tuliyamwaga ndani ya ziwa hili. Kabula ana bahati, anajua mtu wake yuko wapi. Wangu mimi amekwenda na maji kila mahali." Upande wa Mwanza aliuliza kama anaweza kurudia daraja mara moja zaidi. Jaspal aligeuza gari, tukavuka tena kwenda, na tena kurudi.

Uwanja wa ndege asubuhi yake aliagana nami haraka haraka, kwa hasira karibu, akanikaripia kuhusu unene wangu. Niliona kilemba kikipita ukaguzi, na gongo likipita kwenye mkanda baada yake, na mtu wa ukaguzi akiliinua na kuuliza ni nini.

Nilirudi Morogoro kwa basi lile lile la njia ya Nzega. Nilikwenda nikidhani nakwenda kuwakusanya watu niwarudishe pale walipokuwa, mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kwenye mstari. Hilo haliwezekani, uwanja wenyewe una nyumba juu yake. Nilichojifunza ni kidogo, nacho ni hiki: unayemkumbuka yupo mahali fulani sasa hivi, anashona au anapika au anatazama mlango, na kumkumbuka kwako hakumfikii mpaka upande gari.

Mwezi Agosti mzee alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Jalandhar. Rani alikuwa amempeleka kutazama mechi ya wasichana, kwenye zulia la buluu. "Wana mbio kama pikipiki," alisema. "Lakini mpira hawakai nao. Niliwatazama mpaka mwisho nikitafuta mkono mmoja wa zamani. Rani ananiambia Baba, dunia imebadilika. Na huku sokoni wananiita Mwafrika, kwa sababu Kipunjabi changu ni cha babu zao. Usiku naota Kisukuma, Limi. Naamka hakuna wa kumwambia."

Nilimpigia Kabula, nikamchezea ujumbe ule kwenye simu nyingine. Aliusikiliza nyuma ya mlio wa makarasha. Akaomba niurudie. Nikaurudia.

"Na wewe utakuja lini?" akaniuliza.

"Desemba. Shule zikifunga."

"Desemba ni mvua. Barabara ile haipitiki."

"Nitakuja."

Nilimsikia akihamisha kitu, mifuko nadhani. "Basi nitakupandishia kitanda upande wa juu," alisema. "Maji yakiingia yasikufikie."